Kesi ya Siti Katika Nchi ya Kitini

Kaa ukipenda, simama ukipenda, lala kabisa kama mgongo umekuchosha. Hadithi hii haimbagui msikilizaji kwa mkao wake. Nchi ninayokupeleka ndiyo inayobagua, na inabagua kwa sheria, kwa muhuri na kwa moyo mweupe.

Palikuwa na binti mmoja wa Morogoro, jina lake Siwema, aliyependa vitu viwili: lugha yake na baiskeli yake. Bosi wake hakuwemo katika orodha hiyo, ila alimvumilia. Kazi ya Siwema ilikuwa kutafsiri vile vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi la mashine mpya, vinavyomwomba mnunuzi asioshe feni ikiwa inazunguka na asikaushe paka kwenye jiko la umeme. Ni kazi inayotaka kompyuta, mtandao na akili, na Siwema aliona kwamba vyote vitatu vinaweza kupanda baiskeli. Akaomba ruhusa aende nchi za watu, asubuhi atafsiri, mchana akanyage pedali, hadi lami imwishie.

Bosi huyo, Bwana Mfaume, aliamini kwamba mfanyakazi asiyeonekana anakula.

"Nakula nini, bosi?" aliuliza Siwema.

"Muda. Muda wangu. Unautafuna taratibu kama karanga."

Hata hivyo alitoa ruhusa ya majaribio yenye sharti moja. Kila Ijumaa asubuhi wafanyakazi wote hukutana kwenye kikao cha mtandaoni. Siwema akikosa kikao kimoja tu, majaribio yamekufa: atarudi Morogoro, atakaa kwenye meza ile ya kando ya mlango wa choo, na hatamtajia mtu habari za baiskeli mpaka astaafu.

Siwema hakukosa. Alihudhuria kikao kimoja akiwa ndani ya zizi la mbuzi, na mbuzi mmoja alichangia hoja. Alihudhuria kingine akiwa amejikinga mvua chini ya meza ya muuza mihogo. Kisha, Alhamisi moja mchana, akaingia nchi ya Kitini.

Lango la Kitini halina kizuizi wala mlinzi mwenye bunduki. Lina kiti. Juu ya kiti hicho alikaa bwana mmoja mnene, mpole, aliyejitambulisha kuwa ni Mwenyekiti Tulizana.

"Mwenyekiti wa nini?" aliuliza Siwema.

"Wa hiki hapa," alisema Tulizana, akikipigapiga kiti chake ubavuni. Huko kila mtu mwenye kazi ni mwenyekiti, kwa maana iliyo wazi kabisa kwamba ana kiti. "Umekuja kikazi au likizo?"

"Vyote viwili, Mwenyekiti. Nafanya kazi kwa mbali huku nikitembea kwa baiskeli."

Tulizana alifumba macho, akaionja sentensi ile kama mtu anayeonja mchuzi usioeleweka. "Kazi kwa mbali. Mbali na nini?"

"Na ofisi."

"Kazi iko ofisini, na wewe uko mbali. Sasa anayeifanya ni nani?"

"Ni mimi."

"Una mikono mirefu kiasi gani, mwanangu?"

Akamweleza sheria ya nchi, na tuitendee haki, ni sheria fupi. Aliyekaa yuko kazini. Anayeitumia miguu yake yuko likizo. Hakuna hali ya tatu, na hakuna aliyewahi kuihitaji. Kisha akamwambia apande hicho chuma chake, serikali imwone.

Siwema akapanda, akamzunguka mara moja. Tulizana alimtazama upande wa nyuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamtazama miguuni, kuridhika kukatoweka.

"Umekaa," alisema.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Na unakwenda."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Acha kimoja."

"Nikiacha kwenda nitaanguka."

Mwenyekiti Tulizana alikuwa amelilinda lango lile maisha yake yote bila kupatwa na swali. Sasa jasho lilimtiririka hadi ndani ya masikio. Aliamua kwamba mgeni hayuko kazini wala hayuko likizo, yaani kisheria hajafika, na kwamba hali yake itaamuliwa kesho asubuhi na Baraza la Wenyeviti. Siwema aliomba angalau neno la siri la mtandao. Haikuwezekana. Mtandao wa Kitini hufunguliwa kwa aliye kazini tu.

"Lakini kesho asubuhi ndipo nina kikao!" alilia Siwema. "Nikikikosa nimekwisha!"

"Vizuri sana," alisema Tulizana. "Kesho asubuhi Baraza litakuwa limeshakwambia kama wewe ni mtu wa vikao."

Kwa kuwa hakuwa amefika, Siwema alipata nafasi ya kuiona nchi bila kusumbuliwa na mtu. Aliona mpishi aliyekaa mwisho wa ukumbi akikoroga chungu kilichokuwa mwisho wa pili, kwa mwiko mrefu kama mlingoti wa bendera. Alimwona mwalimu akiandika ubaoni huku amekaa, kwa chaki iliyofungwa kwenye ufito, na nusu ya juu ya ubao ikiwa safi tangu shule ilipojengwa. Viti vyenye magurudumu vimepigwa marufuku, kwani viliwahi kumfanya karani mmoja ateleze hadi likizo bila kuomba. Katika ofisi zote watu walikaa wima, macho wazi, wakikoroma. Kukoroma si kosa. Sheria inauliza kama mtu amekaa. Haijauliza anafanya nini.

Likizo ndiyo iliyomshangaza zaidi. Aliye likizo Kitini haruhusiwi kukaa, kwa sababu akikaa atakuwa kazini. Uwanja mkubwa wa mji ulijaa mabwana na mabibi wenye masanduku, waliokuwa wakizunguka, wakizunguka, wakiwa na furaha iliyoamriwa. Mmoja alimpita Siwema akichechemea.

"Likizo inaendeleaje?" aliuliza Siwema.

"Tamu, lakini imebaki kidogo tu," alisema yule bwana, na machozi ya shukrani yakamlengalenga. "Keshokutwa narudi kazini kupumzika."

Jioni alikaribishwa na mkulima mmoja, Bi Nyamizi, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, ambaye shamba lake la viazi lilipakana na mji. Siwema alipoingia alimkuta akila amesimama.

"Shikamoo, mama. Pole na kazi."

"Marahaba. Kazi gani?" alisema Bi Nyamizi. "Mimi niko likizo."

"Nimekuona ukilima tangu mchana!"

"Nimelima nimesimama. Anayelima amesimama yuko likizo. Babu yangu alikuwa likizo, mama yangu alifia likizoni, jembe mkononi. Wakulima wote tuko likizo, ndiyo maana hatulipwi mshahara. Mwaka jana Baraza lilitupa pongezi kwa kujua kustarehe."

"Si mkalime mmekaa?"

"Tulijaribu. Mimi nilikaa nikalima mduara mmoja unaofikiwa na mkono, nikamaliza, nikabaki kisiwani." Akamsogezea Siwema sahani. "Kula, mwanangu. Na hicho chombo chako, hebu niambie. Kweli unakaa na unakwenda?"

"Kweli, mama."

Bi Nyamizi alitafuna kiazi kwa muda mrefu. "Watakuua," alisema kwa furaha.

Asubuhi Baraza lilijaa. Kabla ya kuanza, Siwema alishuhudia Mwenyekiti wa Wenyeviti, Mheshimiwa Jikite, akipelekwa msalani na kurudishwa, kitini vilevile, mabegani mwa watu wanne walio likizo. Alimuuliza Bi Nyamizi, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, kwa nini mheshimiwa asitembee tu kama binadamu. Bi Nyamizi alimwonyesha maandishi ya dhahabu ukutani, Ibara ya Kwanza ya Katiba: *Mwenyekiti hatatenganishwa na kiti chake, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote.*

Tulizana alifungua kesi. Kwa maoni yake mgeni alikuwa likizo bila shaka, kwa sababu kile alichokalia si kiti. "Waheshimiwa, nimeuliza huko kwao kinaitwaje. Mafundi wao wote wanasema siti. Siti ya baiskeli! Kiti ni kiti na siti ni siti. Kiti ni cha kukaa, siti ni ya kupita."

Ukumbi uliguna. Mzee Kitako, mjumbe mkongwe kuliko wote, ambaye masikio yake yalikwisha kustaafu, aliinua mkono. "Huyo Siti ni binti wa nani?"

"Si mtu, mzee. Ni ya baiskeli."

"Ameolewa na Baiskeli? Baiskeli wa wapi?"

Bi Tuama, mjumbe mwenye miwani na shahada ya sarufi, aliomba nafasi. Alisema tofauti ya kiti na siti ni herufi moja, na kwamba Baraza lisimnyime mtu kazi kwa ajili ya herufi moja. Tulizana alijibu kwamba herufi moja si jambo dogo, aulizwe mtu aliyeomba *kuku* akaletewa *kaka*.

"Hizo ni mbili!" alifoka Bi Tuama.

"Hata ngeli zao ni tofauti," aliendelea Tulizana, bila kujali hesabu. "*Kiti hiki. Siti hii.* Vitu vya ngeli tofauti haviwezi kuwa kitu kimoja!"

"*Mtoto huyu, kitoto hiki,*" alisema Siwema kutoka pale aliposimama, kwa sababu kuna mambo ambayo hawezi kuyasikia akanyamaza. "Je, mtoto akiitwa kitoto huwa mtu mwingine? Na hapa tupo kwenye nini, waheshimiwa? Kikao. Kikao ni cha mtu aliyekaa. Mimi nikiwa juu ya baiskeli nimekaa, na nina kikao kinaanza sasa hivi, bosi wangu ananisubiri, na nikikikosa hicho maisha yangu yatahamia mlangoni mwa choo!"

"Msalani mimi ndio kwanza nimetoka," alisema Mheshimiwa Jikite kwa huruma. "Hakuna foleni."

Akamwamuru apande chombo chake alizunguke Baraza, wajumbe waone kwa macho. Siwema akazunguka. Wajumbe wakamfuata kwa shingo hadi shingo zikalia. Katika mzunguko wa tatu Mheshimiwa Jikite aligonga mkono wa kiti chake na kutoa hukumu, ambayo nainukuu kama ilivyotoka.

"Kuanzia kiunoni kwenda juu, mgeni amekaa, nusu hiyo iko kazini. Kuanzia kiunoni kwenda chini, mgeni anakwenda. Nusu hiyo iko likizo. Mpaka kati ya nusu hizo mbili ni mkanda wa suruali yake, na uheshimiwe na pande zote."

"Na Siti amepangwa upande gani?" aliuliza Mzee Kitako.

"Mpakani, mzee."

"Masikini. Mpakani hapalei mtoto."

Karani alimgonga Siwema, aliyekuwa bado juu ya siti akijiegemeza ukutani, muhuri wa kazi kwenye kiwiko na muhuri wa likizo kwenye goti. Nusu ya juu ikapewa neno la siri, *Usisimame*, na Siwema akalichapa haraka kwenye simu iliyofungwa mbele ya usukani. Uso wa Bwana Mfaume ukajitokeza, na nyuma yake nyuso za Morogoro nzima.

"Siwema! Nilikuwa nakaribia kuandika kwamba hukuja. Hao nyuma yako ni akina nani?"

"Ni wenyeviti, bosi."

"Wangapi?"

"Wote."

Bwana Mfaume akakaza tai yake.

Hapo ndipo Tulizana, ambaye hakupenda kushindwa, alipokumbusha vifungu viwili. Mgeni aliye likizo sharti atoke nchini kabla ya chakula cha mchana. Mgeni aliye kazini haruhusiwi kutoka kabla ya kustaafu.

Wajumbe wakahesabu kwa vidole. Kisha Mheshimiwa Jikite akasema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kwamba hesabu imetoka bila baki: "Basi miguu iondoke. Kiwiliwili kibaki."

Fundi seremala aliitwa, maana Kitini seremala ndiye daktari. Alibebwa na kiti chake hadi kwa Siwema, akamwamkia vizuri, akampima kiuno kwa futi, akachora mstari kwa penseli na kuuliza kama angependa pembeni papigwe msasa. Msumeno ulikuwa mapajani pake, umetiwa mafuta.

"Siwema," ilisema simu, "huyo fundi ni wa mradi gani?"

"Nisubiri, bosi." Siwema alimgeukia Mheshimiwa Jikite, na maneno yalikuwepo. Maneno hayajawahi kumtoroka. "Mheshimiwa, nusu yangu ya juu iko kazini. Aliye kazini katika nchi hii anaitwaje?"

"Mwenyekiti, bila shaka."

"Basi mimi ni Mwenyekiti. Kiti changu ni kipi?"

Wajumbe walitazamana. Hakuna mwenyekiti asiye na kiti. Wakaitazama baiskeli. Bi Tuama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aifurahie vizuri sura ya Tulizana.

"Ni hicho ulichokalia," alikiri Mheshimiwa Jikite.

"Nacho kimekazwa kwa nati kwenye baiskeli hii. Mmeifukuza miguu yangu, na miguu yangu haijui kuondoka ila kwa pedali. Miguu itaondoka na baiskeli. Baiskeli itaondoka na kiti. Sasa nisaidieni, mimi mgeni sijui sheria zenu. Ibara ya Kwanza inasemaje?"

Baraza zima lilikariri kwa mazoea, kama wanafunzi: "Mwenyekiti hatatenganishwa na kiti chake, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote!" Walipofika kwenye *yeyote* sauti zilianza kupungua, na kwenye *yoyote* alibaki Mzee Kitako peke yake.

"Kwa hiyo," alisema Siwema, "miguu imefukuzwa, kiti kinafuatana na miguu, na Mwenyekiti anafuatana na kiti chake. Nikiondoka nimetii vifungu vyote. Nikibaki, au huyu baba akinikata, Katiba imevunjwa mbele ya macho yenu. Mimi sitaki kuwaletea aibu."

Seremala alirudisha penseli sikioni. Mheshimiwa Jikite alijiweka sawa kitini, na kukaa alikujua. Mwisho akasema, "Ifukuzeni hiyo miguu kabla haijatufukuza sisi."

Ikafukuzwa kwa heshima zote. Tulizana alipewa kazi ya kuisindikiza hadi mtoni, unakoishia mtandao wa Kitini, na akabebwa na kiti chake na Bi Nyamizi na wenzake, ambao walikimbia kwa bidii isiyo ya lazima hasa penye mashimo.

"Mwenyekiti, unakwenda!" alipaza sauti Bi Nyamizi.

"Siendi! Nabebwa!" alilia Tulizana, kofia ikiwa imemshuka hadi mdomoni.

"Miguu yako inarukaruka!"

"Ni yenu! Ni miguu yenu hiyo!"

Mbele yao Siwema alikanyaga pedali, na kikao kikaendelea kwenye usukani.

"Siwema, mbona unahema?" aliuliza Bwana Mfaume.

"Ni nusu ya chini, bosi. Nusu ya juu imetulia, inakusikiliza."

"Sikiliza. Nilikuruhusu kufanya kazi, sikukuruhusu kufukuzwa kwenye nchi za watu. Sijui uko kazini, sijui uko matembezini, na hapa wenzako wote wanaangalia. Nimeona ya kutosha. Majaribio yamekwisha. Jumatatu nataka..."

"Niko kazini, bosi. Imethibitishwa na baraza la nchi nzima."

"Kwa mdomo?"

"Kwa muhuri." Siwema akaleta kiwiko mbele ya simu, akiendesha kwa mkono mmoja.

Uso wa Bwana Mfaume ulisogea hadi ikaonekana pua peke yake. Ni mtu aliyewahi kurudisha keki ya siku yake ya kuzaliwa kwa sababu haikuwa na sahihi. "Ni wa duara?"

"Wa duara, bosi. Katikati una kiti."

"Hata sisi hatuna wa duara," alisema taratibu, kama anajisemea mwenyewe. Alikohoa. "Haya. Nusu hiyo imefaulu majaribio, iendelee na safari. Lakini nusu ya chini haikuhudhuria kikao. Nimeiangalia tangu mwanzo, haijaonekana. Nusu ya chini irudi Morogoro Jumatatu, ije kujieleza."

Siwema akainua goti hadi likajaa kwenye kioo.

"Hiyo iko likizo, bosi. Muhuri wake huu hapa, wa duara vilevile. Na mtu akiwa likizo hapigiwi simu."

Mtu mmoja wa Morogoro, aliyesahau kuzima sauti yake, alicheka hadi akadondosha kikombe.

"Basi iambie," alisema Bwana Mfaume, "ikimaliza likizo yake inipigie."

"Nitaiambia," alisema Siwema, lakini hakuwa na hakika. Barabara ilikuwa imeanza kuteremka kuelekea mtoni, upepo ukamjaa shati, na nusu zote mbili ziliacha kumsikiliza bosi.